Picha ya Rasoa Iliyokuwa Kampala

Nilikwenda Kampala kwa sababu ya picha moja. Naanza na hilo kwa kuwa watu wengi hapa Kakamega waliniuliza kama nilifuata mashine za taipu za bei nafuu, na jirani yangu mmoja alieneza kwamba nimekwenda kuoa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Intaneti ilikuwa imefika mjini kwetu katika maduka machache, na duka langu la kupiga taipu na simu, karibu na soko, lilikuwa mojawapo. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vile vya maelezo vinavyokuja na mashine, nikivisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka nikaelewa.

Rasoa ni binti wa dada yangu. Huniita khotsa, yaani mjomba. Wakati huo alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya kanisa huko Navakholo. Mwaka uliotangulia alihudhuria semina ya walimu mjini Eldoret, na pale alikuwapo mtu mwenye kamera aliyewapiga walimu wa kike picha, akawaambia atawatafutia marafiki wa kalamu ng'ambo. Wakampa majina, shule zao na anwani za posta. Jambo hilo lilikuwa la kawaida. Nusu ya wasichana wa wakati ule walikuwa na rafiki wa kalamu.

Kisha barua zikaanza kufika shuleni, zote za wanaume. Baadhi yao waliuliza mahari ni kiasi gani. Baada ya barua, wanaume wawili walikuja wenyewe. Wa pili alisimama mlangoni mwa darasa, akakataa kuondoka mpaka watoto wakaanza kulia. Mkononi alikuwa na karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye intaneti: picha ya Rasoa, jina lake, jina la shule, na juu yake maneno yaliyosema kwamba wanawake hawa wanatafuta waume na wako tayari kusafiri wakati wowote.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Ambani, alimwita Rasoa mbele ya kamati. Mimi nilikuwapo kama mtu wa ukoo.

"Mwalimu, hatusemi wewe ni mbaya," alisema. "Lakini wazazi wanaogopa. Hii kitu ikiwa bado iko huko siku tunafunga shule, Januari usirudi."

"Na ikiwa imetoka?" nikauliza.

"Nitakuja kwa duka lako nione na macho yangu. Si kuambiwa."

Nilimwandikia mwenye ukurasa kwa anwani iliyokuwa chini yake. Hakujibu. Nikaandika tena, nikangoja, kimya. Ndipo nilipopiga simu Nairobi, kwa ofisi mpya ya serikali inayosimamia mawasiliano. Niliunganishwa na ofisa aliyejitambulisha kuwa Musyoka, kijana mwenye sauti ya mtu anayekula huku anaongea.

"Mzee, huo ukurasa unakaa wapi?"

"Anwani yake inaishia na herufi za Uganda. Nimeuliza na kuuliza, kompyuta inayoutunza iko Kampala."

"Basi mkono wetu unaishia Busia."

"Wenzenu wa Kampala je?"

"Wako, lakini ni wapya kama sisi. Hatujawahi kuandikiana. Na barua ya kwenda serikali nyingine hupitia Wizara ya Mambo ya Nje."

"Itachukua muda gani?"

"Mzee, mimi nimeomba meza ya ofisi, na mpaka leo natumia ya mwenzangu."

Rasoa alikuwa ameketi kando yangu, akisikiliza. Alikuwa amesokota ncha ya leso yake mpaka ikawa kama kamba. Akasema, "Khotsa, shule zinafungwa mwezi huu."

Nikamwambia aandike barua kwa mkono wake mwenyewe kwamba picha ile ni yake, kwamba hakukubali itumiwe hivyo, na kwamba amenituma mimi. Akaandika na kutia sahihi. Ofisi ambazo hazijuani, niliwaza, angalau zinaweza kujuana kupitia miguu ya mtu.

Jumatatu asubuhi niliondoka Kakamega mvua ikinyesha. Kabla ya Mumias tulikwama nyuma ya trekta lililovuta matela mawili ya miwa, na dereva wetu hakupata pa kulipita. Miwa ilidondoka barabarani, wanawake wakashuka kwenye kingo kuiokota, trekta likasimama ili mwenyewe agombane nao. Wasafiri wenzangu walicheka. Mimi sikuweza. Kila mara nilifungua mkoba nione kama karatasi ya picha na barua bado zimo, kisha nikaufunga, kisha nikaufungua tena. Mama aliyeketi karibu nami aliniuliza kama nimebeba dhahabu.

Mchana nilifika Busia. Wakati ule waliotuvusha mpakani walikuwa vijana wa baiskeli. Wangu alikuwa na mto mwekundu kwenye kiti cha nyuma na kengele mbili, ingawa moja ingetosha. Ofisa wa uhamiaji aliikagua pasi yangu pande zote.

"Unaenda kufanya nini? Biashara ama kutembea?"

"Kufuata picha."

"Picha ya nani?"

"Ya mpwa wangu."

"Iko Kampala?"

"Iko ndani ya kompyuta Kampala."

Alinitazama kwa muda, akamtazama mwenzake. "Andika kutembea," mwenzake akasema. Nikagongewa muhuri.

Kutoka hapo nilipanda basi. Migomba ilizidi, udongo ukawa mwekundu zaidi. Pale Jinja, tulipopita juu ya bwawa, abiria wote waligeuka kuangalia maji ya Nile. Nami niliangalia, lakini najua niliyaangalia vibaya, kwa kuwa nilichokumbuka baadaye ni saa ya dereva iliyoning'inia kwenye kioo.

Jioni nilipokelewa na Zakayo, mtu wa Iguhu niliyesoma naye shule ya msingi, ambaye ni fundi cherehani huko Kampala na ameoa huko. Mkewe alileta matoke yaliyofunikwa kwa majani.

"Mtu wa Kakamega hulala bila obusuma?" Zakayo alinitania, akimaanisha ugali wetu. "Leo ujaribu. Hii ndiyo obusuma ya huku."

Nilikula. Aliponiuliza nitakaa siku ngapi nilimwambia nataka kurudi kesho yake.

"Kesho!" Akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Ndugu yangu, serikali gani umeona inamaliza kitu kesho? Kula pole pole."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni mwa ofisi ya mawasiliano kabla haijafunguliwa. Nilipelekwa kwa Bwana Wandera, mtu wa makamo kama mimi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kumbe alikuwa Msamia wa upande wa Uganda. Lugha yake na yangu ni za jamii moja, kwa hiyo tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani, halafu tukaendelea kwa Kiswahili. Alisoma karatasi zote bila haraka.

"Pole kwa binti," alisema. "Lakini wewe ni raia wa nchi nyingine. Mimi siwezi kupokea lalamiko kutoka kwako. Wenzetu wa Nairobi waniandikie."

"Wa Nairobi wanasema hawawezi kukuandikia bila kupitia wizara."

"Basi wapitie."

"Shule zinafungwa, Bwana Wandera."

"Baba, nisikilize. Nikishika hii karatasi yako, ni kama nimesema Uganda ndiyo imeharibu jina la mtoto wenu. Kesho magazeti yataandika. Unataka nikubali mwizi ni wetu?"

Nilikuwa tayari nimesimama. Nilitembea mpaka dirishani, nikarudi, nikaketi, nikasimama tena. Akaniomba nikae kwa sababu namchosha. Nami nikawaza kwamba mtu huyu hakatai kusaidia. Anakataa kulaumiwa. Kwetu jambo hilo lina utaratibu wake wa zamani, na nilishangaa kwamba sikuukumbuka tangu Kakamega.

"Kwenu ng'ombe akiibwa mnafanyaje?" nikamuuliza.

"Ng'ombe ameingiaje hapa?"

"Niambie tu."

Akavua miwani. "Tunafuatanga nyayo."

"Zikifika kwenye mpaka wa kijiji kingine?"

"Hatuingii. Ukiingia na mikuki hiyo ni vita. Tunasimama pale, tunapiga nduru, wenyeji wanakuja. Tunawaonyesha alama ya mwisho ya kwato. Kuanzia hapo kazi ni yao. Wakionyesha mahali ng'ombe ametokea upande ule mwingine, wako huru, na wale wa mbele wanapokea. Wasipoonyesha..."

"Ng'ombe ni wao."

"Ng'ombe ni wao," akakubali, na akaanza kutabasamu kabla sijaendelea.

"Sijasema mwizi ni wenu," nikamwambia. "Nimesimama kwenye mpaka wenu. Napiga nduru."

Alicheka kicheko kirefu, akagonga meza kwa kiganja. "Waluhya nyinyi! Mnaleta sheria ya ng'ombe kwa intaneti!" Halafu akavuta simu. "Huyo kijana wa Nairobi, namba yake ni ipi?"

Nilimsikia Wandera upande mmoja tu, lakini niliweza kubahatisha mwingine. Alijitambulisha kwa cheo chake chote. Akaeleza kwamba hapokei lalamiko wala hatoi lawama, ila anapokea nyayo na ataonyesha zinakotokea. Kisha Wandera akafunika simu kwa mkono na kuniambia, "Anasema hata kwao Ukambani wanafanyanga hivyo." Wakaongea kwa muda mrefu. Nilipoona Wandera ameegemea kiti na kuuliza Nairobi kuna mvua, nilijua wamesikizana.

Mchana tulikwenda pamoja kwenye kampuni iliyotunza ule ukurasa. Ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu, na chumba cha ndani kilikuwa na baridi kama machinjioni kwa ajili ya mashine. Meneja alikuwa mwanamke mwenye haraka, aliyetukaribisha vizuri na kukasirika vizuri.

"Ssebo, bwana wangu, mimi nakodisha nafasi tu," alimwambia Wandera. "Ni kama mwenye nyumba. Sijui mpangaji anapika nini ndani."

"Sijakuuliza anapika nini. Nauliza amehamia kutoka wapi."

"Hiyo ni siri ya mteja."

Wandera akamweleza ile habari ya nyayo, na wakati huu aliieleza kama yake, kwa mikono miwili. Alimalizia kwa kusema kwamba akionyesha zilikotokea, kampuni haitadaiwa kitu. Asipoonyesha, ofisi itauhesabu ukurasa ule kuwa wa kampuni yenyewe. Meneja alifikiri. Akaigeuza skrini ya kompyuta imwelekee yeye peke yake, akabofya mara kadhaa, akasoma.

"Sanduku la posta," akasema. "Eldoret."

Sisi wawili tulitazamana; Eldoret ndiko Rasoa alikopigwa picha ile. Wezi wa mifugo nao hufanya hivyo: humvusha ng'ombe mto ili wafuatiliaji wakate tamaa, kisha humrudisha upande uleule kwa njia nyingine. Wandera alimpigia Musyoka kutoka kwenye meza ya meneja, na safari hii akaniwekea simu katikati yetu ili nami nisikie.

"Eldoret yetu?" Musyoka aliuliza.

"Kwani kuna nyingine?"

Nikasikia karatasi zikisogezwa Nairobi. "Basi hiyo ni yangu," Musyoka akasema. "Ningetamani isiwe, lakini ni yangu."

Nilidhani kazi imekwisha. Nilimwambia meneja afunge ukurasa wote pale pale. Ni Wandera aliyenizuia.

"Tukiufunga leo, mwenyewe atajua leo. Kesho ataupeleka nchi nyingine ambako mimi simjui mtu, na huyo wa Nairobi hamjui mtu. Kwanza wamshike Eldoret, kisha mimi nafunga hapa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo lazima tuandikiane, yeye na mimi, na tukubaliane siku."

"Na Rasoa?"

Meneja akaichukua barua ya Rasoa, akaisoma. "Huyu mmoja naweza kumtoa sasa. Ameomba mwenyewe, na sahihi iko. Nitamwambia mteja kwamba faili iliharibika, zinaharibikanga kila siku. Wale wengine wangoje barua za wakubwa."

Sikuuliza wengine ni wangapi wala ni akina nani. Nilisema ndiyo. Akabofya, akanionyesha mahali palipokuwa na picha ya mpwa wangu. Palikuwa na mraba mtupu wa kijivu.

Siku iliyofuata nilirudi. Nilipaswa kuwa na furaha, na Zakayo alinifungia ndizi za njiani kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini basi lilipoiacha Kampala nilianza tena kufungua na kufunga mkoba, ingawa hamkuwa na kitu cha kuchunga. Nilijiuliza nani sasa ataisukuma barua ya Musyoka. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu, na haja yangu ilikuwa imekwisha. Niliwafahamu watu wa ofisi: si wabaya, ila jambo lisilo na mtu mlangoni huwa halina haraka. Pale Busia ofisa yule yule alinigongea muhuri na kuniuliza kama nimeipata picha. Nikamwambia nimeiacha. Akasema hata hivyo ni sawa.

Ijumaa mchana Mzee Ambani alikuja dukani Kakamega kama alivyoahidi, amevaa koti la kanisani. Rasoa alikuwa amefika kabla yake. Nilimpa mzee kiti mbele ya kompyuta, mimi nikasimama upande wa kulia, Rasoa kushoto. Nikaunganisha simu. Modemu ikapiga kelele zake, mzee akarudi nyuma kidogo.

"Imekasirika?"

"Inasalimia tu, Mzee."

Ukurasa ukaanza kuja. Wakati ule picha hazikuja kwa pamoja. Zilishuka kutoka juu mstari kwa mstari, kama pazia linaloteremshwa na mtu mvivu. Kwanza yakaja maneno ya kichwa, kisha majina, kisha ule mraba wa kijivu mahali pa Rasoa. Mzee aliuinamia mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hapa ndipo ulikuwa?"

"Hapo," Rasoa akajibu.

"Hakuna kitu."

"Hakuna, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka. Nadhani ile namna ya picha kushuka ilimnasa, kama inavyomnasa kila anayeiona mara ya kwanza. Chini ya mraba, picha nyingine ilikuwa imeanza: kwanza ukuta, kisha ncha ya kitambaa cha kijani cha kichwani, kisha kitambaa chote. "Na huyu ni nani sasa?" mzee akasema. Ukaonekana mwanzo wa paji la uso.

Rasoa akanyoosha mkono, akazima skrini.

Mzee akageuka. Sikuwahi kuona mtu mdogo akimkatizia Mzee Ambani jambo lolote.

"Mzee wangu, umeona mahali pangu ni tupu," Rasoa alisema. Sauti ilikuwa ya chini na mikono aliifunga mbele kwa heshima. "Hao wengine hawakukuita uwatazame. Hata mimi sikuwaita wale walionitazama."

Mzee alichukua kofia yake, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi.

"Kweli," akasema mwishowe. "Kweli, Mwalimu. Januari uje. Nitawaambia kamati." Akampa mkono, kisha akanipa mimi, akatoka.

Rasoa alisubiri mpaka koti lile likapotea kwa watu wa soko. Halafu akaketi.

"Khotsa, umemjua yule wa kitambaa cha kijani?"

"Hapana."

"Ni Edina. Binti wa Mzee Ambani. Yule ameolewa Butali. Tuliketi naye dawati moja Eldoret. Hapo wameandika kwa jina la mume."

"Mwenyewe anajua?" nikauliza.

"Bado. Na mume wake nikimfikiria, heri asijue mpaka iwe imetoka." Akaivuta simu ya mezani mpaka magotini pake. "Niambie namba ya huyo Musyoka."

Nilimpa. Musyoka alipopokea, nilimsikia akiuliza kwa mshangao, kwani picha ya binti si ilitoka? Rasoa akasema, "Ilitoka. Ndiyo mimi naongea. Nauliza ile barua yenu ya Kampala imeandikwa?"

Haikuwa imeandikwa. Alipiga tena Jumatatu, ikawa imeandikwa lakini haijatiwa sahihi. Alipiga tena, na tena, mpaka Musyoka akawa anamjua kwa pumzi. Shule ilipofungwa alikuja dukani kila asubuhi kama mfanyakazi. Siku ambayo yule mtu wa Eldoret aliitwa kuhojiwa, Wandera aliufunga ukurasa wote Kampala. Tuliujaribu jioni ile, na haukuja tena. Rasoa alipanda gari la Butali kesho yake kumweleza Edina.

Nilipoondoka hapa niliamini kwamba kilichokosekana kati ya nchi hizi mbili ni sheria. Pengine bado inakosekana. Lakini niliporudi nilikuwa nimejifunza kwamba ofisi mbili hushirikiana kwa kadiri ya mtu anayezipigia simu baada ya haja yake mwenyewe kutimizwa. Mimi niliishia Kampala. Safari iliyobaki aliimaliza Rasoa, akiwa ameketi kwenye kiti changu.